Gemu Mbili za Mauaji, na ya Tatu ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu wa kike alipomaliza kidato cha nne, baba yake, ambaye ni mwanangu wa pili, alimtafutia mahali pa kazi: duka la vipuri vya malori la shangazi yake, Mariakani. Mtoto akasema hataki. Akasema anajifunza kutengeneza gemu, na kwamba kuna watu Malindi wanaochukua vijana watatu kila mwaka wawafundishe kazi hiyo, ila anayetaka lazima apeleke gemu aliyoitunga mwenyewe. Mwanangu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, haya, nakupa mpaka Idi, si hii inayokuja, ile ya pili. Wakikuchukua, nenda Malindi. Wasipokuchukua, sikukuu ikiisha unapanda gari la Mariakani, na sitaki kusikia neno.

Mimi nilimtetea mtoto kabla sijajua gemu ni kitu gani. Ana kichwa yule. Mtu mwenye kichwa kumkalisha nyuma ya kaunta atafutie madereva mikanda ya injini ni kumzika hai, na nilisema hivyo hivyo mbele ya baba yake. Nyumbani kwetu Kibarani watu wamezoea, mimi sina maneno ya pembeni.

Kisha nikataka kujua ninatetea nini. Nikamwambia aje na kompyuta yake anionyeshe.

Si gemu za kukimbia na kupigana mateke. Ni za kusoma. Watu wamechorwa, wamesimama, midomo inacheza, na maneno yanatokea chini yao. Mimi niliishia darasa la tatu na Kiingereza changu hakizidi kusalimia, kwa hiyo yeye alisoma akinigeuzia kwa Kiswahili, na mimi nikisuka ukili wa mkeka. Tulikwenda hivyo miezi, kila baada ya adhuhuri. Mikeka miwili mikubwa imetoka kwenye maiti za watu nisiowajua.

Gemu ya kwanza ilikuwa ya wakili. Mtu ameuawa, amekamatwa asiye na hatia, na wewe ndiye wakili wake. Shahidi anasimama anaeleza alichokiona, nawe unayachambua maneno yake moja moja mpaka ulipate lenye uongo. Ukilipata, unapiga kelele "Napinga!" na kuweka mezani kitu kinachomsuta. Ukikosea, hakimu anakukata alama. Una alama tano tu.

"Bibi, tumpe hakimu kitu gani?"

"Mpe kisu."

"Kisu hakihusiani na alichosema huyu."

"Mpe tu, akione."

Akampa. Hakimu akatikisa kichwa, alama ikakatwa. Nikasema mpe tena, labda hakukitazama vizuri. Ikakatwa ya pili.

"Bibi, wewe ungekuwa wakili, angenyongwa mshtakiwa na wewe ungefungwa."

"We mke mwenza, kwa ulimi huo babu yako angekuwa hai angeniacha akuoe wewe."

Nilijifunza polepole. Kulikuwa na kesi ya mwoka mikate aliyepigwa kichwani dukani kwake. Shahidi mmoja, mwanamke amevaa manyoya shingoni, alisema alipita asubuhi akasikia harufu ya mkate unaungua, ndipo akachungulia. Mjukuu wangu akaruka kitini. Stima ya mtaa ule ilikuwa imekatika tangu alfajiri, na tanuri lilikuwa la stima. Mkate gani uliungua? Akapiga "Napinga!" ya kuamsha majirani, na yule mwanamke akatokwa jasho mpaka manyoya yakamnyauka.

Raha ya gemu ile ni hapo, kumbana mtu. Lakini fumbo lenyewe ni jepesi. Mara nyingi muuaji unamjua tangu mwanzo. Wakati mwingine wanakuonyesha akiua. Humtafuti, unamngoja tu ajikwae. Na hakimu wake ni bwege, anakubaliana na aliyesema mwisho.

Gemu ya pili haina wakili wala hakimu. Watu kumi wamefungiwa hoteli mlimani, theluji imeziba njia, na mmoja wao anaua. Wanaobaki wanakaa wenyewe wanajadiliana, kisha wanapiga kura muuaji ni nani. Wakimpata, anakufa yeye. Wakimkosa, wanakufa wote, yeye anakwenda zake.

Hapa fumbo lilikuwa zito, halitabiriki. Mtu niliyempenda asubuhi alikuwa maiti alasiri. Lakini palikuwa na muuguzi mzee, mpole, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatengea wenzake chai. Asubuhi moja akapanga vikombe. Nikavihesabu.

"Mke mwenza, ni huyu."

"Huyu nini? Bibi, hata maiti bado hatujaiona!"

"Yeye ameshaiona. Jana walikuwa watu kumi. Mbona kapanga vikombe tisa?"

Akaendelea kusoma siku mbili nzima akijaribu kunithibitishia kuwa nimekosea, na mwisho wa siku ya pili muuguzi akakiri. Niliendelea kusuka ukili wangu. Sikuwa na haja ya kujisifu.

Kilichoniudhi katika gemu ile ni kesi yenyewe. Wote wanasema kwa pamoja. Maneno yanaruka kwenye kioo kama mbu, na wewe unatakiwa ulipige risasi lile la uongo kabla halijapita. Baadaye unapanga herufi, unapanda ngazi, sijui unafanya nini. Ukijua ukweli lakini kidole kizito, umeshindwa.

"Sasa mtu anyongwe kwa sababu kidole changu kina baridi yabisi?"

"Ndiyo mchezo, bibi."

"Huo si mchezo, ni fujo."

Niliipenda kura lakini. Pale ambapo kila mmoja atakufa kwa kukosea, watu wanasikilizana. Basi nikampa hukumu yangu: ya kwanza kesi tamu, fumbo maji, ya pili fumbo limekolea, kesi kelele. Akaandika kwenye daftari. Akaniuliza, je, sisi kwetu mtu akifanya jambo, kikao kinakwendaje?

Nikamweleza. Wanakaa mikekani, mkubwa anafungua kwa dua, na neno linatolewa kwa zamu. Hakuna anayepiga kelele za napinga. Mwongo humjui kwa kumkatiza. Ukimnyamazia, anaona kimya kizito, anaongeza; na akiongeza, anajibu ambalo hakuulizwa.

Ndipo akaanza ya kwake. Alifanya kazi miezi minane. Kesi yake haikuwa mahakamani, ilikuwa sebuleni, vikao vitatu baada ya hitima ya marehemu, na mchezaji ndiye anayeamua neno apewe nani. Na pale chini aliweka kitufe kimoja cha kunyamaza. Ukikibonyeza, mtu kwenye kioo anahangaika kidogo, anajikuna, kisha anaongeza maneno. Nilipokiona kitufe kile nilicheka peke yangu hadi jikoni.

Fumbo lake hakutaka kuniambia. Alitaka nilisikie likiwa zima. Akanisomea tarehe kumi na nne ya Ramadhani, mchana, tumefunga, siku tisa kabla ya kwenda kulionyesha Malindi.

Ilikuwa hivi. Mzee tajiri anaishi kwenye kisiwa kidogo cha mwamba mbele ya ufuo. Maji yakijaa kinakuwa kisiwa, yakipwa unakwenda kwa miguu. Siku ya mwezi mpevu, saa kumi alasiri, anauawa chumbani. Mpishi wake anasema dakika chache kabla alikuwa dirishani akamwona mpwa wa mzee akivuka mchangani kwa miguu, anakuja. Mpwa anakataa. Unachambua, unanyamaza, unauliza, na mwisho unagundua kwamba mpwa alivuka kweli, naye ndiye muuaji.

Alisoma vizuri. Nilingoja mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa yananiomba nimsifu.

Nikaona mambo mawili. Zimebaki siku tisa, na Mariakani inamngoja. Na huyo mpwa wake angekufa maji.

Mimi nimelelewa mwambani. Tulikuwa wanawake kumi, kumi na tano, kila mtu na chuma chake, tunachokoa pweza. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yanapwa sana saa nne, saa tano asubuhi. Saa kumi alasiri yamejaa mpaka yanapiga ukuta. Hilo kwetu lilikuwa kama kujua jua linachomoza wapi. Yeye hakulijua. Amezaliwa hapa hapa pwani, bahari anaisikia, lakini mwambani hajawahi kukanyaga. Tuliamua sisi, mama yake na mimi, kwamba huyu asichokoe pweza, asome.

"Mke mwenza," nikasema, "huyo kijana angezama."

"Kijana gani?"

"Mpwa. Mwezi mpevu, saa kumi, hakuvukwi pale. Maji yamejaa."

Akafikiri natania. Alipoona sitanii, akasema, "Bibi, hii ni gemu tu."

"Na ya mkate pia ilikuwa gemu tu. Mbona ulipiga kelele kwa ajili ya stima?"

Adhana ilipolia alifungua na tende moja, akaingia chumbani. Mama yake akanitolea macho. Nilikula futari yangu yote.

Kesho yake, mwezi kumi na tano, mpevu, nilimpandisha tuktuk tukateremka ufuoni, mahali penye jiwe lililojitenga kama lile la gemu yake. Saa kumi. Akaingia na dera lake. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani, na jiwe bado lilikuwa mbali. Akasimama humo kama aliyeambiwa asubiri. Aliporudi hakunipa lawama. Alikaa mchangani akijikamua dera.

"Basi mpishi ndiye mwongo," akasema.

"Mpishi gani?"

"Si alisema amemwona akivuka kwa miguu? Hakuna aliyevuka. Saa nane mpwa alikuwa bado mjini, na mashua hakuna. Waliokuwa kisiwani saa kumi ni yeye na mzee tu."

Nilikaa naye. Nilitafuta tundu katika hilo, sikuliona. Nilipata moja tu. "Na mtu wa Nairobi atajuaje habari za maji? Kwenye ya mkate walituonyesha kwanza taa zimezimika. Wewe humwonyeshi kitu, unamwonea."

"Nimwonyeshe nini?"

"Waonyeshe wanawake. Saa tano asubuhi wanatoka mwambani na pweza, wana haraka, wanaitana kwamba maji yanarudi. Mwenye akili atahesabu mwenyewe."

Akawachora. Mmoja ana pua yangu. Nilimwambia aipunguze, akakataa.

Lakini kubadilisha muuaji si kama kubadilisha kilemba. Maneno yote ya mpishi ilibidi yaandikwe upya, na ya mpwa, na sababu ya kuua, na kila jibu la kila kitufe. Zilibaki siku nane, na mtu amefunga. Alimaliza kikao cha kwanza. Alimaliza cha pili. Cha tatu, kile ambacho mpishi anabanwa, kilibaki maandishi ya daftarini.

Tulikwenda Malindi yeye na mimi. Baba yake alisema ana kazi. Watu watatu walikaa mezani wakaicheza gemu, nami nilikaa nyuma, kwenye kiti cha plastiki. Mmoja, mwanamke wa bara, alibonyeza kitufe cha kunyamaza, mpishi wa kwenye kioo akaanza kujikuna, na yule mama akacheka kwa sauti. Akabonyeza tena. Mpishi akaongeza: alimwona mpwa akivuka, amekunja suruali, viatu mkononi. Kisha akapiga meza. "Wale wanawake wa pweza!" akasema. "Saa tano maji yalikuwa yanarudi!"

Nilitazama mbele. Kama palikuwa na mtu mwingine chumbani mle mwenye mjukuu kama huyo, sikumwona.

Halafu kioo kikawa cheusi. Kikao cha tatu hakikuwepo. Wakamuuliza kinakwendaje, akawasomea daftarini. Wakaandika. Siku ya tatu ulikuja ujumbe kwenye simu: kazi ni nzuri, haijakamilika, wamechukua wengine, amalizie alete mwakani.

Idi ikaingia. Mwanangu alikula pilau yake, akanawa, akasema, "Tulipatana."

Nikamwambia, "Angemaliza. Mimi ndiye niliyemrudisha nyuma."

"Ulimwambia nini, mama?"

"Kwamba saa kumi ya mwezi mpevu hakuvukwi."

Mwanangu huyu nilikuwa nikimbeba mgongoni mwambani kabla hajaota meno. Akamgeukia binti yake. "Uliandika kwamba kunavukwa?"

"Ndiyo, baba."

Akanitazama. "Basi ulifanya vyema," akasema. "Lakini Mariakani atakwenda."

Nilisema mengi siku ile na ya pili yake. Nimeyasema kwa sauti, na majirani ni mashahidi. Hayakumbadilisha. Amefanana na mimi.

Siku ya tatu ya Idi gari lilikuja asubuhi. Mjukuu wangu alikuwa ameshafunga begi, amekaa kwenye baraza anangoja. Tangu ujumbe ule hakuwa amenitania hata mara moja.

"Bibi," akasema, "ungenyamaza, wangenichukua."

"Labda."

"Labda, au ndiyo?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa. "Na ungeweza kuniacha niende nayo vile?"

"La."

"Najua," akasema. Hakutabasamu. Akainuka, akanibusu mkono, akaniambia shikamoo, nikamwitikia. Dereva alikuwa ameshafungua buti. Mjukuu wangu akamwambia begi liingie humo, kompyuta ataipakata mwenyewe.