Sauti ya Yamna Ndani ya Utafiti

Jua linapanda polepole juu ya mitende ya Ayt Wargas, kijiji cha Waamazigh kusini mwa Morocco, na Tuda Uhemmu amefumba macho. Hajalala. Hedifoni ziko masikioni, vidole viko juu ya kompyuta, naye anamsikiliza mwanamke asiyemjua akieleza kwa nini hajawahi kukanyaga mkutano wa halmashauri.

"Nikifumba macho namwona," anasema Tuda, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. "Namwona anavyokaa, anavyoshika birika. Nikienda kukata majani shambani bado ananizungumzia. Mume wangu husema nimeolewa na majini."

Kazi yake ni kuandika maneno yaliyorekodiwa. Mtafiti wa chuo kikuu, Dk Siham Berrada, alitoka Rabat na swali moja: mbona wanawake wa bonde hili hawaonekani panapoamuliwa mambo yao? Halmashauri ilikuwa na jibu tayari, kwamba siasa haziwashughulishi. Siham na wasaidizi wake wakapita nyumba kwa nyumba na vinasa sauti, kisha sauti zote zikaletwa kwa Tuda.

Kabla ya kuanza aliapa kwamba atakayoyasikia yatabaki masikioni mwake. Hakudhani kiapo kile kingekuja kumwelemea.

Siku moja ya baridi, sauti mpya ikakohoa na kuomba chai isogezwe karibu. Tuda akaitambua. Alikuwa Yamna, mama mkwe wake, anayeishi naye nyumba moja.

Yamna alisimulia kwamba zamani, mumewe akiwa mgonjwa, aliingia mkutanoni badala yake kuuliza habari ya maji ya shamba. Mwenyekiti Moha akamwambia, "Rudi nyumbani, mama, mkate wako unaungua." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Sikumwambia mtu," sauti ikaendelea. "Mume wangu alifariki akidhani sikwenda."

Tuda aliandika huku machozi yakidondokea vitufe. "Jioni tukala pamoja," anakumbuka. "Akaniuliza, 'Mbona unaniangalia hivyo, mwanangu, nimeota pembe?' Nikamwambia nina mafua."

Mwezi uliopita Siham alileta matokeo ukumbini. Moha angali mwenyekiti. Wanawake walialikwa, wakaketi nyuma. Siham akaeleza kwamba wengi waliohojiwa walitamani kushiriki. Kilichowazuia ni kuogopa kuchekwa. Kisha akasoma maneno ya mwanamke mmoja, bila jina, hadi pale pa mkate unaoungua.

Tuda akatazama sakafu.

"Ni mimi," Yamna akasema, akasimama.

Siham akamkumbusha kwa upole kwamba si lazima ajitaje.

"Jina langu nalijua, binti yangu. Na aliyesema vile anajijua."

Moha akakuna ndevu. "Ulitaka kuuliza nini siku ile?"

"Maji. Shamba la chini linapata zamu ya mwisho. Yakitufikia yameshakuwa tope."

"Njoo ukae huku mbele."

"Nitakuja. Lakini kwanza unijibu."

Zamu za maji hazijabadilishwa, ila sasa zinajadiliwa, na Yamna ni mmoja wa wanaozijadili.

Waliporudi nyumbani siku ile, Yamna alimgeukia mkwewe. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ukanyamaza muda wote huo?"

"Niliapa."

Yamna akammiminia chai kwanza kabla ya kujimiminia mwenyewe.

Sasa Tuda naye ana lake. Daraja la kwendea shule hufunikwa na maji kila mvua ikinyesha, watoto wakabaki nyumbani, na mkutano ujao anakusudia kusimama aulize litainuliwa lini.

"Sijawahi kusema mbele za watu," anakiri. "Kwa hiyo nafanya mazoezi zizini, mbele ya mbuzi. Mpaka sasa hawajacheka."