Miji Yote Isipokuwa Kwao

Leo baba yangu ameuliza swali moja tu mezani, chai ikatushinda.

Hapa nyumbani Karatu tuna mgeni, Lukas, Mswisi niliyemtembeza Ngorongoro. Anazunguka dunia na begi mgongoni. Nimempa chumba changu wiki nzima, mimi nalala kwenye kochi.

Ndiyo, bure. Mgeni ni mgeni.

Sasa leo akawa ananipangia safari ya Ulaya ya bei nafuu. Krakow, Budapest, Sofia. Wapi pa kulala kwa bei rahisi, basi gani la kupanda. Mimi nikaanza kujiona niko huko.

Baba, aliyefika jana kutoka Endulen, nilikuwa namtafsiria. Kwetu Wamaasai, ukisafiri unalala kwa mtu wa rika lako, hata kama hamjuani.

Akasema, "Huyu si rika lako? Muulize, kwake utalala lini?"

Nikatafsiri.

Lukas akatazama kikombe. "Kwetu maisha ni ghali. Hutapapenda."

Hiyo baba hakungoja nimtafsirie. Akaniambia kwa Kimaasai, "Amekuonyesha njia zote zinazokwepa boma lake."

Jamani, na bado yuko chumbani kwangu. Asubuhi namkaribishaje chai?