Kioo cha Nyuma

Leo kiyoyozi cha gari langu kimetoa harufu ya matambara yaliyovunda, nikajikuta tena uani kwetu, mtaa wa Hai Mauna, ambako baba alikuwa akitengeneza viyoyozi vya magari ya watu.

Siku moja nikiwa mtoto, alikuwa amefungua dashibodi nzima ya gari. Aliitoa evaporeta, kile kifaa cha kupoza hewa, akanionyesha mafuta yaliyoganda pembeni. "Gesi inatorokea hapa." Akafunga mpya, akajaza gesi. Kila gari likipona, mmoja wetu watoto aliketi kiti cha nyuma, vioo vimepandishwa, amwambie baridi ikifika nyuma.

Mimi nilikuwa nimeshashika mlango.

"Yala, haya, mwachie mdogo wako," baba akasema. "Wewe umeshakuwa mkubwa."

Nikabaki juani, vumbi mdomoni. Mdogo wangu akapumulia kioo, akanichorea uso unaocheka. Niliomba hiyo evaporeta mpya ipasuke.

Leo fundi niliyempelekea gari alipomaliza, aliuliza nani atakaa nyuma asikilizie baridi. Niliingia kabla hajamaliza kuuliza, nikapandisha vioo. Baridi ikanifikia hadi magotini. Nikapumulia kioo, nikachora uso.

Fundi alikuwa ameinamia injini. Nje hapakuwa na mtu wa kunionea wivu.