Kitufe cha Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilirushwa na televisheni iliyokuwa imezimwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika karakana ndogo karibu na soko la Kisumu. Mkubwa wangu tulimwita Fundi Mkuu, Mwislamu wa hapa mjini ambaye babu yake alitoka pwani. Nilichomoa waya ukutani, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikashika nisichokijua. Nilipojikuta sakafuni, mkono umekufa ganzi, Fundi Mkuu hakukimbia kuniinua. Alimaliza kwanza chai yake.

“Kuzima umezima,” akasema. “Lakini hiyo kioo ya picha inaweka stima ndani hata ukichomoa waya. Itoe kwanza, ndio ushike. Na kabla hujafungua televisheni ya mtu, muulize huwa anaitazama akikaa wapi.”

Ninyi vijana mnaotupa televisheni ikikohoa mara moja hamtaamini tulivyozibembeleza. Kwa watu waliokaa karibu na ziwa nilikuwa nikifungua seti nakuta wadudu wa ziwani wa kujaza kikombe, wamekaukia juu ya saketi. Tuliwafagia kwa brashi ya kupakia rangi, kisha tukachomea upya ile risasi ya kuungia nyaya palipoachia. Nilifanya hivyo miaka mingi, na pua yangu bado inaukumbuka ule moshi wa risasi.

Baadaye nikaajiriwa na kampuni iliyouza mitambo ya nyumbani, chini ya Meneja wa Huduma, bwana aliyevaa tai hata jua likiwaka namna gani. Yeye alinituma Maseno kwa wahadhiri na Milimani kwa wakubwa. Miaka ya tisini ilikuwa imeingia, na kila nyumba ya maana ilikuwa na mashine ya video na rimoti mbili tatu zilizopotelea chini ya mito ya viti. Ndipo tukaletewa rimoti za kufundishwa. Rimoti husema na televisheni kwa mwanga usioonekana kwa macho, kila kitufe na ishara yake. Hii mpya uliilaza mezani ikitazamana na ile ya zamani, ukabonyeza ya zamani, nayo mpya ikaishika ishara ile na kuikumbuka.

“Peleka moja Milimani kwa yule Mkaguzi wa Shule mstaafu,” Meneja akaniambia siku moja. “Usimwahidi kitu hujui.”

Watu wote walimwita Mwalimu. Mkewe, Mama Ochieng, alinifungulia mlango na kuniletea chai. Mwalimu alikuwa kwenye kiti kirefu kando ya dirisha, na chungu cha maua karibu na mkono wake wa kushoto, mkono pekee uliobaki na nguvu. Alingoja mkewe arudi jikoni.

“Kaa karibu, Fundi. Mdomo yangu siku hizi ni nzito.”

Kiharusi kilimwangusha siku aliyoletewa habari kwamba Ochieng, mwanawe wa pekee, amekufa barabarani. Kijana alizikwa nyumbani baba akiwa amelazwa hospitalini. Ndugu zake Mwalimu wakamwita mpiga video, ili Mwalimu akipata nafuu aone mazishi.

“Kila mtu alimtupia mchanga,” akasema. “Ni mimi tu sikumtupia.”

Kisha akanionyesha shida yake. Televisheni ile ilikuwa na matundu matatu ya kuchomekea mitambo nyuma, na mashine ya video, yenye kanda ya mazishi ndani, ilikuwa kwenye la tatu. Rimoti ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kubadilisha, kinachozunguka kutoka matangazo ya stesheni hadi tundu la kwanza, la pili, la tatu, kisha matangazo tena. Kidole chake kilitetemeka, kikabonyeza mara mbili, kikapita video, kikaanza upya.

“Mwisho namwita Mama,” akasema. “Anakuja, ananiwekea, halafu anakaa hapa. Sasa nitalia aje, Fundi, na yeye amekaa hapa? Nataka batani moja. Nikigusa, video.”

Nilirudi mjini kichwa kimejaa. Rimoti huwezi kuifundisha ishara ambayo huna pa kuitoa. Lakini nilikumbuka hoteli moja yenye televisheni ya aina ileile, kubwa zaidi, ambayo rimoti yake ilikuwa na kitufe kwa kila tundu. Nikaazima rimoti hiyo, nikaipeleka Milimani, nikaielekeza kwenye seti ya Mwalimu. Ikaruka moja kwa moja hadi video. Televisheni yake ilikuwa inaielewa ishara hiyo tangu itoke kiwandani, ila hakuna aliyepewa kitufe cha kuituma. Nikaifundisha rimoti mpya, nikaiweka ishara kwenye kitufe kikubwa cha pembeni, pale kidole gumba chake kilipofika.

Alibonyeza mara moja. Jeneza likatokea, na watu wamelizunguka, bila sauti.

“Ero kamano, wuoda,” akasema. Asante, mwanangu. Nilitoka haraka kwa sababu machozi yalikuwa yananijia, na kwa muda mrefu niliisimulia karakanani kama kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Mwalimu alifariki baada ya miaka michache. Wakati huo nilikuwa na kibanda changu Nyamasaria, na Mama Ochieng alinitafuta hadi akanipata. Rimoti alikuwa ameifunga ndani ya leso.

“Batani ya Mwalimu imekataa,” akasema. “Hizo zingine zote zinafanya.”

Nikaifungua mbele yake. Katika rimoti za watu nimekuta mende, sukari na soda iliyoganda. Katika hii, chini ya kitufe kile kimoja, nilikuta udongo laini, mweusi.

“Mama, huu ni udongo.”

Aliugusa kwa kidole. “Nilikuwa nagombana na paka,” akasema polepole. “Kila siku nafagia mchanga ya maua chini ya kiti, najua ni paka anachimba. Kumbe ni yeye, alikuwa anamtupia Ochieng.”

Nikachukua brashi nisafishe. Akanishika mkono.

“Wacha tu. Ulimfanyia kazi mzuri, Fundi, sikulaumu. Lakini kabla ya hiyo batani, alikuwa ananiita.”

Akaifunga tena ndani ya leso, na udongo wake, akaenda. Niliumia siku ile, na bado naumia nikikumbuka.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tena nyaya nyembamba, na kibanda nimempa mwingine. Watoto wangu wametununulia televisheni yenye rimoti ya vitufe vingi, na vyote navijua. Jioni nikitaka kubadilisha, namwita mke wangu. Anakuja akinung'unika kwamba mume wake alikuwa fundi gani huyu asiyejua hata rimoti. Ananiwekea, kisha anaketi.