Nge, Kongosho na Uji wa Mama

Mjomba wangu hufyatua matofali, na glavu hataki hata kuzisikia. Eti tofali lazima ulishike kwa ngozi ndipo ulijue. Basi asubuhi moja, akipanga tanuri, nge akamchoma kidole. Akakitikisa, akacheka. "Nimemvunjia nyumba, ana haki." Akaendelea kupanga.

Kidole kilitulia, tumbo likaanza. Alirudi nyumbani mate yakimtoka, maumivu yakipenya kutoka chembe cha moyo hadi mgongoni.

Kwetu hakuna ugonjwa, kuna njaa tu. Mama ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea baada ya bibi kufariki, na dawa yake ni moja: uji wa maziwa. "Kunywa, mdogo wangu. Tumbo tupu halina adabu." Akamaliza bakuli. Mungu wangu, alivyojikunja!

Hospitalini, daktari alituketisha. "Si kila nge, lakini sumu ya wengine haikai kidoleni. Hufika kwenye kongosho, hapa nyuma ya tumbo, panapotoka maji ya kusaga chakula. Inalisukuma litoe maji ovyo, mpaka linaanza kujisaga lenyewe. Kwa sasa asile chochote. Kila tonge litalichochea, na tunaweza kumpoteza."

Mama akatazama mapajani. Alikuwa amepakata chupa ya uji mwingine.

Mchana ule wodi ilikuwa kama iko chini ya maji. Pazia la kijani lilipumua polepole, dripu ikadondoka, na Mjomba akaelea kati ya usingizi na tanuri lake, vidole vikipanga matofali juu ya shuka. Kisha akafumbua macho nusu.

"Dada. Uji."

Mkono wa Mama ukashika kifuniko. Tangu nizaliwe sijamwona akimnyima mtu chakula.

"Subiri, naukoroga," akasema. Akaanza kumsimulia: maji yanavyochemka, unga unavyolainishwa kwanza kwa maji baridi, mwiko unavyozunguka bila haraka, maziwa yanavyoingia mwisho. Alisimulia taratibu, machozi yakimtiririka, sauti haitetereki. Midomo ya Mjomba ilichezacheza kama ya mtoto anayenyonya, kisha akalala.

Mama, anayetugombeza kwa tonge moja likibaki sahanini, akainuka, akaenda kwenye sinki, akaumwaga uji wote.