Farasi wa Kanyenye

Tabora hakuna farasi. Kuna punda wachache na ng'ombe wengi, basi. Lakini nyumbani kwetu Kanyenye tulikuwa naye mmoja, kwa sababu ndivyo baba alivyoliita gari lake.

Lilikuwa gari la mbio la Kihispania, viti viwili, bodi ya alumini. Baba, fundi magari, aliachiwa na mkulima wa tumbaku aliyerudi kwao Ulaya akashindwa kulisafirisha. Wenye kiwanda, alinieleza, walikuwa watu wa malori. Wakajaribu magari ya mbio, yakatoka mazuri kupita kiasi, wakaunda machache tu, wakarudi kwenye malori yao. Puani pa gari palikuwa na nembo ya farasi anayeruka. Kila Jumamosi niliisugua kwa majivu na limau.

"Umemlisha farasi?" baba aliuliza.

"Ameshiba."

Kaka yangu aliliita mkweche na hakuligusa. Baadaye nembo iliibwa yakabaki matundu mawili. Jina halikuibwa.

Baba alipofariki nilikuwa mjamzito. Arobaini yake ilinikuta wodi ya wazazi, na mtoto wa siku mbili. Kikao cha urithi kikakaa bila mimi. Jioni kaka akaniletea uji.

"Daftari la wosia wa baba limesomwa, dada. Wewe hukuandikiwa kitu."

Nikarudi kwangu Mtendeni na mtoto mgongoni, na maneno hayo. Miaka minne niliamini baba alinisahau. Nyumba sikuililia. Mtoto wa kike ataolewa, ndivyo wanavyosema, na mimi nilishaolewa. Kilichoniuma ni kwamba hakunitaja hata kwa mstari mmoja.

Mwaka huu akaja mgeni kutoka Dar, fundi wa magari ya zamani, akilitafuta gari lile alinunue. Kaka akampokea kama mwenye mali. Akamwita baba mkubwa kutoka Igunga aje ashuhudie kwamba ni urithi wake, maana mzee ndiye aliyelisoma daftari kwenye kikao. Mimi niliitwa kupika.

Mgeni alilizunguka gari, akapiga magoti mbele, akatia vidole kwenye matundu.

"Hapa palikuwa na farasi, mzee. Ndiyo alama yao." Akamwonyesha baba mkubwa picha kwenye simu.

Baba mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Marehemu alikuwa analiitaje gari hili?"

Kaka akaanza kumwonyesha mgeni viti. Nikajibu mimi, mwiko mkononi. "Farasi. Tangu sijaanza shule."

Mzee akakalia tairi bovu lililokuwa hapo.

"Mwanangu, sisi tulicheka. Imeandikwa nyumba na ng'ombe vya kaka yako, halafu farasi wa binti yangu. Nikauliza, farasi gani Tabora hii? Tukasema homa imempanda kichwani. Tukauruka mstari." Akamgeukia kaka. "Na wewe ulikaa kulia kwangu. Hukujua?"

"Nilijua, baba mkubwa. Ila mlivyokuwa mnacheka..."

"Ukacheka na sisi."

Nilimwambia kaka maneno ambayo siyaandiki hapa, mwanangu atakuja kusoma. Mgeni akajifanya anakagua taa. Ugali ukaungua na hakuna aliyeuliza.

Baba mkubwa akaamua gari lihamie kwangu siku hiyohiyo. Likapandishwa kwenye tela la trekta, kaka akisukuma kwa nyuma. Jirani mmoja akauliza kama tunakwenda kulizika.

"Mkweche tu huo," kaka akasema.

"Mwite jina lake," nikamwambia.

Akasukuma kwanza. Kisha akasema, "Farasi."

Mgeni anapiga simu kila wiki. Nimemjibu asubiri, sijaamua. Kwanza nilitaka daftari. Kaka alilitoa kabatini, alikokuwa amelifungia miaka yote hiyo, akanikabidhi bila kuniangalia. Mwandiko wa baba ulikuwa umeanza kutetemeka, ila unasomeka. Na baba mkubwa hakuwa ameumaliza ule mstari.

"Farasi wa binti yangu. Yeye ndiye anayejua kumlisha."

Kaka anasema yaishe, sisi ni tumbo moja. Hayajaisha. Nikikutana naye sokoni namwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa wangu, kisha napita.