Karatasi Ambayo Kompyuta Kuu Haikuijua

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa karani katika ghala la mbegu pale Changamwe, nilipomfanya mtu mwaminifu aonekane mwizi. Sikumsingizia neno. Nilibonyeza kitufe tu.

Nieleze kwanza. Mezani kwangu palikuwa na terminali: kioo na kibodi, basi. Kumbukumbu zote zilikaa katika kompyuta kuu, jengo la pili. Kibali cha lori kutoka kilikuwa na njia yake. Unajaza fomu kiooni, unaituma, kompyuta kuu inaiandika, halafu yenyewe inachapisha kibali kwenye printa ya msimamizi wetu, Bi Riziki. Nami nilikuwa na printa ndogo iliyochomekwa kwenye terminali yangu. Hiyo ilinakili kilichoonekana kiooni tu, na kompyuta kuu haikupata habari.

Siku hiyo printa ya Bi Riziki ilikuwa na foleni ndefu. Mzee Kazungu, dereva wetu wa miaka mingi, alisimama dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, hiyo mashine yenu inachapisha au inaatamia mayai?"

Nikaona haya. Fomu yake nilikuwa nimeijaza, ila sijaituma. Nikabonyeza kitufe cha printa ndogo, karatasi ikatoka safi, nikaigonga muhuri, nikampa. Akaniita hodari, nami nikavimba kichwa.

Haikupita robo saa, simu ya lango ikalia. Askari alilitafuta lori lile kwenye kioo chake asilione. Kwa hesabu yake, mzee alikuwa ameghushi kibali. Alikwisha kumshusha, akamkalisha kwenye benchi mbele ya madereva wenzake, na sasa alitaka polisi waitwe.

Bi Riziki alikuja mezani kwangu, akaiona fomu ingali kiooni. Hakupaza sauti.

"Umechapisha ulichokiona wewe," akasema. "Langoni nao wamekiona?"

"Naituma sasa hivi, Bi."

"Tuma. Kisha uende langoni kwa miguu yako. Kompyuta itamwondoa yule mzee kwenye benchi, lakini haitamsafishia jina."

Yadi ile ilinirefukia. Nikafika, nikasema mbele yao wote kwamba kosa ni langu, mzee hakughushi kitu. Dereva mmoja akasema, "Kumbe wa kukalishwa benchi ni karani," wakacheka. Mzee Kazungu akafuta jasho polepole.

"Yamekwisha," akasema. "Kesho nitaiacha iatamie mpaka iangue."

Terminali zile hazipo tena, mwanangu. Kazini kwako huko Likoni unafungua programu inayoziiga ndani ya kompyuta yako, lakini njia mbili zile bado zipo. Ukichapisha kwako, unapata picha ya kioo. Kompyuta kuu ikichapisha, unapata kilichoandikwa. Picha iwe ya kukumbushia mwenyewe. Karatasi inayobeba jina la mtu mwingine, isubiri itoke kwenye kumbukumbu, na anayengoja mwambie wazi kwamba inachelewa. Atakutania, atangoja. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usilirekebishe kosa ukiwa umejificha nyuma ya kioo. Nenda ukaseme pale pale alipoaibishwa mwenzio.

Mungu akutulize mikono. Kila utakayempa karatasi, apite langoni akiwa ameinua kichwa.